Madiwani 24, Hakuna Hata Mwanamke Mmoja



Kila msimu wa harusi hapa kisiwani kuna wenzetu wanaotuaga. Mmoja anakwenda Muscat, mwingine Dubai, na siku hizi si wachache wanaokwenda Uingereza, kwa waume waliozaliwa huko au waliohamia zamani. Kumfungia mwali sanduku tunajua. Tunamtilia doti za kanga, udi na chetezo, viungo vya pilau vilivyosagwa nyumbani, na sweta nene za kuvaa chini ya buibui kwa ajili ya baridi. Masomo nao wanamuusia mpaka usiku unakucha: mume, mama mkwe, jiko, usafi, siri za ndani. Ila kuna jambo moja ambalo hatujasikia somo yeyote akimwambia mwali wake. Akishafika, akiwa na viza yake ya mke na pasipoti yake ya Tanzania, ana haki ya kupiga kura.

Wengi hushangaa tukisema hivi, kwani hudhani kura huko ni ya mwenye uraia wa Uingereza tu. Sivyo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyetimiza miaka 18 na anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kuchagua mbunge na madiwani. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Oman na Comoro hazimo, kwa hiyo shoga yako wa Ngazija aliyeolewa mtaa huo huo, kama mji wenyewe ni London, hatopata kura mpaka achukue uraia. Wewe unayo kabla hujajua hata basi la kwenda sokoni ni namba ngapi.

Ndiyo maana leo, baada ya makala ya hina na ya mapishi, tunaomba mtuvumilie tuzungumze matokeo ya uchaguzi wa halmashauri. Tunayoyataka ni ya manispaa moja tu ya London, Tower Hamlets, na ni ya tarehe 5 Mei 2022. Yana miaka kidogo, lakini kila mwali anayetuaga hutukumbusha.

Tower Hamlets iko mashariki ya London. Ndani yake mna maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf, na hatua chache kutoka hapo mna nyumba za halmashauri ambamo familia kubwa hubanana vyumba viwili. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 310,000, na karibu 40 katika kila 100 walijiandika Waislamu. Hakuna manispaa nyingine ya England wala Wales yenye uwiano mkubwa kuliko huo. Zaidi ya watu 107,000 ni wenye asili ya Bangladesh, wengi wao asili yao ni Sylhet. Ukitembea Whitechapel Road utaupita msikiti wa East London Mosque, na nyuma yake Maryam Centre, jengo lililofunguliwa 2013 kwa ajili ya wanawake. Mbele kidogo kuna bustani ndogo ya Altab Ali. Huyu alikuwa kijana wa Kibengali, mfanyakazi wa nguo, aliyeuawa kwa sababu ya rangi yake akirudi kutoka kazini jioni ya tarehe 4 Mei 1978. Siku hiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa halmashauri, na chama cha wabaguzi kilikuwa kimesimamisha wagombea. Watu wa pale wana sababu ya kulishika jambo la kura kwa mikono miwili.

Sasa matokeo yenyewe. Halmashauri ina viti 45 vya udiwani na meya anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Mwaka 2018 chama cha Labour kilichukua viti 42. Mwaka 2022 kikabaki na 19. Chama kipya cha Aspire kikapata 24, Conservative kimoja na Green kimoja. Kwenye umeya Lutfur Rahman alipata kura 40,804 baada ya kuhesabiwa chaguo la pili, na meya aliyekuwapo, John Biggs, akapata 33,487.

Rahman si mgeni pale. Alikuwa meya wa kwanza kuchaguliwa na wananchi mwaka 2010, akarudi 2014, na mwaka 2015 mahakama ya uchaguzi ikaufuta ushindi wake na kumzuia kugombea kwa miaka 5 kwa makosa ya uchaguzi. Moja ya makosa hayo lilihusu dini. Maimamu na wanazuoni 101 walitia saini barua ya kumuunga mkono ikachapishwa gazetini, na jaji akaona kuwa Waislamu walishinikizwa kiroho. Sheria yenyewe ina asili ya karne ya 19, ilikuwa imelala, ikaamshwa kwa ajili ya Waislamu. Hatukuipenda lugha ile, kana kwamba Muislamu akisikia neno la imamu basi akili yake inazima. Lakini Rahman alikuwa kiongozi wa watu wale, akaondoshwa, akangoja, na walipopewa nafasi wakamrudisha. Siku ile wengi wetu tulifurahi. Tulitumiana ujumbe: Waislamu wameshika halmashauri London, maashaallah.

Kisha tukaangalia picha ya madiwani 24 wa Aspire, na wote walikuwa wanaume. Baraza aliloliunda meya kuendesha manispaa nalo likawa la wanaume watupu.

Tuliirudia picha ile tukitafuta walau mtandio mmoja nyuma ya mabega ya watu.

Ingekuwa manispaa isiyo na wanawake wenye uwezo tungenyamaza. Lakini hii ni Tower Hamlets! Ndiko alikotokea Pola Uddin, aliyekuwa diwani huko mwaka 1990, mwanamke wa kwanza wa asili ya Bangladesh kupata udiwani Uingereza, na mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza Muislamu kuingia House of Lords. Ndiko Rushanara Ali alikoshinda ubunge 2010. Ndiko Apsana Begum alikoshinda 2019 akaingia Bungeni na hijabu yake kichwani, mbunge wa kwanza kufanya hivyo. Rabina Khan aligombea umeya huko zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hatutaki kuambiwa kuwa wanawake hawapo, au wana haya, au wapiga kura Waislamu hawamtaki mwanamke. Waislamu wale wale waliwapigia kura wanawake hawa wakawapeleka Bungeni. Chama cha mtaani kilichojinasibu kuwa sauti ya watu hao ndicho kilichotoka na viti 24 na visikaliwe na mwanamke hata kimoja.

Wapo watakaotuambia, na wametuambia: kwani wanaume wale wamewadhulumu nini wanawake? Swali la haki. Tangu Septemba 2023 skuli za Tower Hamlets zinawalisha watoto wote chakula cha mchana bure, wa msingi na wa sekondari mpaka miaka 16, na hakuna halmashauri England iliyotangulia kufanya hivyo kwa sekondari. Mama mwenye watoto wanne anajua maana yake. Wanawake wakaazi wanaruhusiwa kuogelea bure katika mabwawa ya halmashauri. Haya ni mema, na mwenye kufanya mema ashukuriwe.

Lakini kuna tofauti baina ya kupikiwa na kuwa na ufunguo wa jiko. Chakula kilichotolewa na kikao cha wanaume kinaweza kuondoshwa na kikao cha wanaume. Halmashauri huko ndiyo inayogawa nyumba, inayosimamia hifadhi ya watoto na mahitaji ya wazee, inayotia pesa katika madarasa ya Kiingereza ya watu wazima na nyumba za kukimbilia wanawake wanaopigwa. Nani atasema kikaoni kuwa darasa la Kiingereza la saa 12 jioni halimfai mama wa watoto wadogo? Nani atauliza kama kuna mtumishi wa kike kwenye dirisha la nyumba siku anapokuja mwanamke mwenye jicho lililovimba? Mwanaume mwema anaweza kuuliza, sawa. Ishirini na nne wema wanaweza pia wasikumbuke. Novemba 2024 wakaguzi waliotumwa na serikali kuu waliandika kuwa maamuzi ya manispaa yalitawaliwa na kikundi kidogo cha watu wa karibu na meya, na mwanzoni mwa 2025 serikali ikapeleka wajumbe wake kuiangalia. Meya na watu wake wana majibu yao. Sisi tunaona tu kwamba kundi lililoanza bila mwanamke ndani lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza.

Kuna neno jingine hutuuma zaidi, tulisema. Magazeti ya Uingereza yasiyotupenda yaliishika picha ile ile kwa furaha. Ndio hao hao wanaomcheka mwanamke wa ninja njiani, halafu siku ya matokeo wanajifanya wanamlilia. Dada zetu waishio huko wanatuambia kuwa ndiyo sababu wengi wananyamaza: ukisema, umempa adui silaha. Tunawaelewa. Lakini kunyamaza huku kumekuwa kodi inayolipwa na wanawake peke yao. Aibu ya jamii inafunikwa kwa mtandio wetu, na wanaume wanaoitengeneza hawaulizwi. Sisi tumeamua kusema humu ndani, kwa Kiswahili, baina yetu na dada zetu, kwa sababu ya dini na si kwa kuionea haya.

Na kwenye dini tusitishwe. Aya ya 12 ya Suratul Mumtahina inamuamrisha Mtume (s.a.w.) apokee ahadi ya wanawake waumini wanapomjia. Wao wenyewe walikuja. Hakusubiriwa baba wala mume kuahidi kwa niaba yao. Siku ya Hudaybiya, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, Mtume (s.a.w.) aliingia hemani kwa Bi Ummu Salama (r.a.), akampa shauri, akalifuata, na watu wakanyanyuka. Lilikuwa jambo la dola na mkataba, si la ndani ya nyumba. Na wanahistoria wetu wanasimulia kuwa baada ya kufa Sayyidna Umar (r.a.), Abdulrahman bin Auf alipokuwa akiuliza watu baina ya Uthman na Ali (r.a.), aliwauliza hata wanawake waliokuwa majumbani nyuma ya pazia. Alibisha hodi akasubiri jibu lao. Hakumuuliza mwenye nyumba "mkeo anasemaje."

Hapa ndipo yanapomgusa biharusi wetu. Katika uchaguzi ule wa 2022 waangalizi wa kujitolea waliokaa vituoni Tower Hamlets waliripoti kuona watu wakiingia kituturini wawili wawili, mara nyingi mwanamke na jamaa yake wa kiume, huyu akimwelekeza mwenziwe pa kutia alama. Jambo hili si la Tower Hamlets tu, wala si la Waislamu tu, lakini huko lilionekana na likasemwa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria mahususi: kumfuata mtu kituturini, au kusimama karibu naye, kwa nia ya kumshawishi ampigie nani, ni kosa la jinai. Asiyeona au mwenye ulemavu anaruhusiwa msaidizi kwa utaratibu wake, na asiyejua kusoma ataomba msaada kwa msimamizi wa kituo. Mume si msaidizi kwa sababu tu ni mume.

Tunajua litakalosemwa: mume ndiye kiongozi wa nyumba, mke mwema hampingi. Uongozi wa mume una mipaka yake, na mipaka hiyo masomo wetu wanaijua vizuri kuliko wanaosema maneno haya. Mahari ni yako, hana ruhusa kuyagusa bila ridhaa yako. Mali uliyorithi kwa baba ni yako. Ushahidi ukiitwa kuutoa, unautoa wewe kwa ulichokiona wewe. Kura nayo iko upande huu. Ni ushahidi wako kuhusu nani anafaa kushika amana, na utaulizwa wewe. Mkizungumza na mumeo mezani, mkakubaliana, heri. Msipokubaliana, hana haja ya kujua. Karatasi haina jina.

Hatari kubwa kwa mwali mgeni, kwa maoni yetu, haiko hata kituoni. Iko mezani nyumbani. Uingereza mtu anaweza kuomba kura ya posta, karatasi ikamfikia kwa barua, akaitia alama hapo na kuirudisha. Kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ni rehema. Lakini nyumba ya ukoo, yenye baba mkwe na mashemeji wanne, bahasha zote huweza kufunguliwa pamoja na kutiwa alama na mkono mmoja baada ya chakula cha usiku, na biharusi akaletewa tu mahali pa kutia saini. Atasaini, kwa adabu. Nani angekataa, wiki ya sita ya ndoa? Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwali ni huu: miaka ya mwanzo usiombe kura ya posta kama huna udhuru. Nenda kituoni kwa miguu yako.

Na ujiandikishe mwenyewe. Zamani mkuu wa kaya ndiye aliyewaandikisha wote waliomo nyumbani. Tangu 2014 kila mtu anajiandikisha kwa jina lake, kwenye mtandao, dakika chache, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Wataomba namba ya bima ya taifa. Kama bado hujaipata, unaweza kuendelea kwa vitambulisho vingine. Tumia jina lilivyo kwenye pasipoti. Sisi wengi hubaki na majina ya baba zetu baada ya nikahi, nako huko watu huzoea kumwita mke kwa jina la ukoo wa mume, bili zinakuja hivyo, barua za skuli zinakuja hivyo, na siku ya siku daftari linasema hivi na kitambulisho kinasema vile. Tangu 2023 kituoni unatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, kwa hiyo hiyo ya Tanzania inatosha. Kama ulibadilisha jina baada ya ndoa na pasipoti bado ni ya zamani, chukua na cheti cha ndoa. Unayevaa ninja, usiogope: unaweza kuomba uonyeshe uso faraghani, mbele ya mtumishi wa kike pale alipo. Omba kwa sauti, wamefundishwa.

Na kuna wachache kati yenu watakaokaa muda mrefu, wapate ukaazi wa kudumu. Hao si wapiga kura tu. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kugombea udiwani. Tunaliandika hili tukiwa na watu fulani akilini, na wao wenyewe watajijua wakisoma: wale waliokuwa wakiendesha kamati ya harusi nzima kwa simu moja, wakagawa michango, wakasuluhisha ugomvi wa sare, na pilau ikatosha watu 600. Kikao cha halmashauri hakitawashinda.

Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, na uchaguzi huko kwa kawaida huwa Alhamisi. Mume atakuwa kazini. Ukishawapeleka watoto skuli, pitia hapo kabla hujaenda sokoni, tia alama yako kwa ile penseli waliyoifunga kwa kamba, kunja karatasi, itumbukize. Akirudi jioni akikuuliza umempa nani, mwambie chakula kiko tayari.